Paa Halina Wavu

9 Januari

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie mama. Umwambie vizuri, maana najua ukimwambia tu “mtoto kasalimia” atakuuliza, “Kasalimiaje?”

Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta huo una ufa ambao naukagua kila asubuhi kuona kama umeongezeka. Usicheke. Ofisini wamenihamishia masjala, kwenye meza iliyo nyuma ya mlango. Kila anayeingia ananigonga kiwiko, kisha ananilaumu mimi kwa kukaa pale. Kazi yenyewe ni kupokea maombi ya watu wanaotaka kuunganishiwa maji, kuyagonga muhuri na kuyaweka kwenye majalada. Naipenda. Jalada halimkurupushi mtu.

Uliniuliza kwa nini nataka kuandika barua wakati simu ninayo. Kwa simu unanicheka kabla sijafika katikati ya sentensi. Kwa barua unalazimika kunisikiliza mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ulisema, kwa kupitia tu, kwamba mkandarasi wenu amewaletea mafundi ile miwani ya michezo, ile inayofunika uso mzima mpaka mtu haoni alipo, na kwamba mnacheza wakati wa mapumziko. Na sisi tumeletewa. Mkurugenzi amesema ni ya kuwaburudisha watumishi.

Dereva wa ofisi ndiye aliyeanza. Wakamwekea mchezo wa mbio za magari. Alikaa kwenye kiti cha mkuu wa masjala, anakata kona kwa mikono mitupu, anapiga honi kwa mdomo, sisi tunacheka hadi machozi. Alipoivua alikuwa amelowa jasho. Papo hapo akaambiwa ampeleke mkurugenzi kwenye kikao.

“Siendeshi,” akasema.

“Unaumwa?”

“Siumwi. Mikono yangu bado iko kule.”

“Kule wapi?”

“Kule nilikogonga ukuta na gari likaendelea kwenda. Nipeni muda irudi.”

Wakamcheka. Mkuu wa masjala akasema uvivu nao sasa umeingia teknolojia. Mimi sikucheka. Dereva huyu ameshika usukani tangu mimi niko shule ya msingi, na mchezo wa muda mfupi umemfanya asiiamini mikono yake mwenyewe. Wewe hukai kwenye kiti, kaka. Wewe ni fundi wa mapaa, unatembea juu ya kenchi, kwenye ubao usiozidi upana wa kiganja, na chini yako hakuna kitu. Naomba usiivae kabla ya kupanda. Kama ni lazima, ivae jioni, kazi imekwisha na umeketi chini.

Msalimie wifi. Kitambaa alichonipa ndicho pazia langu sasa.

Mdogo wako


2 Februari

Bi Tahadhari,

Marahaba. Mama amepokea salamu na kweli ameuliza, “Kasalimiaje?” Nikamwambia, “Kwa wasiwasi, kama kawaida yake.” Akaridhika.

Goti lake linamsumbua, ulimi hauna tatizo. Wifi yako amepewa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo chai najipikia mwenyewe na nyumba nzima inanuka moshi. Habari za ufa wako niliwasomea kwa sauti mezani. Mama amesema uhame. Wifi yako amesema heri ukuta ndio uhame, maana wewe mpaka uamue utakuwa umeshakuangukia.

Sasa hiyo miwani. Vijana kazini wanaiita bundi, kwa sababu ukiivaa uso wako unakuwa kama wa bundi aliyeamshwa mchana. Mama amepiga marufuku jina hilo ndani ya nyumba yake, kwa hiyo hapa tunasema “yule ndege.” Mkandarasi aliuziwa na wakala mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akaambiwa kwamba hiyo ni dawa ya woga wa mahali pa juu. Mchezo ni wa mapaa. Unasimama juu ya nyumba, unarukia nyumba nyingine, unapita kwenye boriti, unakusanya pointi. Ukianguka unasikia upepo masikioni, halafu uko juu tena. Unataka kujua nani anaongoza? Wananiita Paka.

Na usiogope kwamba mtu atajigonga. Wamefikiria hayo. Kabla ya kuanza unaipimia nafasi yako ya kutembea, na kila ukiukaribia mwisho wake unatokea wavu wa mwanga wa bluu, kama chandarua kilichoshuka mbele yako. Ukiuona unarudi nyuma. Baada ya siku chache hata hufikirii, mwili wenyewe unajua: wavu haujatokea, bado nina nafasi. Raha tupu.

Dereva wenu mwambie anywe maji. Mimi nilianza kupanda na baba wakati wewe unaogopa kushuka kitandani. Baba hakuwahi kuanguka hata siku moja, na mimi ni mtoto wake.

Kaka yako Paka


20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mpe mama pole ya goti, na wifi pole ya chai yako. Mwenye nyumba amekuja kuutazama ufa. Amesema ulikuwepo kabla mimi sijazaliwa na utakuwepo nikishahama. Sijui kama hiyo ni habari njema.

Nimeijaribu miwani, ili usiseme naogopa nisichokijua. Walinichagulia mchezo wa watoto, kutembea bustanini. Maua yalikuwa yanakuja na miguu yangu haiendi popote. Nilitapika kwenye trei ya maombi yaliyoingia asubuhi. Nimeyanakili upya yote kwa mkono wangu, na mkurugenzi bado ananiita “mama bustani.”

Yule wakala wa viatu vya kung'aa nadhani ndiye huyo huyo, maana alikuja kwetu kukagua mitambo yake. Nilijikaza nikamfuata hadi mlangoni.

“Nani aliyeipima?” nikamuuliza.

“Kuipima vipi, dada?”

“Kama ni salama. Kwa mtu anayeivaa kila siku. Kwa mtu mwenye kazi ya hatari.”

“Dada, hii ni teknolojia.”

“Najua. Nani aliyeipima?”

Akamgeukia mkuu wa masjala. “Huyu mwenzenu amechoka. Mpeni likizo.”

“Wanasema ni dawa ya woga,” nikasema.

“Kabisa.”

“Inautoa wote, au inamwachia mtu wa kumtosha?”

Akatazama saa yake, akaondoka.

Kaka, mengi siyajui, ila woga naujua vizuri. Baba hakukosa woga. Kabla ya kuuamini ubao aliubonyeza kwanza kwa dole gumba la mguu, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Nilikuwa namtazama kutoka chini, nimejishika kichwa. Je, huko kwenye mchezo mnabonyeza? Na ule wavu: ukishazoea kuungoja, huku kwetu utaletwa na nani?

Nijibu hilo la mwisho tu. Mengine yaache.

Mdogo wako


25 Machi

Bi Tahadhari wa masjala,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi imenibana. Mama anatembea na fimbo, na fimbo hiyo sasa ina kazi mbili, kutembelea na kututishia nayo. Wifi yako amekonda kidogo. Anasema ni zamu ya asubuhi.

Kaa chini nikupe habari. Nimekuwa msimamizi! Mkandarasi amepata kazi ya ghala la nafaka, paa la juu kuliko yote tuliyowahi kuezeka. Alikuwa anatafuta wa kuwaongoza wenzake huko juu. Ofisini kwake ametundika ubao wa pointi za mchezo. Akautazama, akanitazama, akasema, “Paka, ghala ni lako.” Mzee wa mabati, yule aliyefanya kazi na baba, amekula chumvi juu ya mapaa tangu enzi hizo, lakini yeye bundi hamtaki, kwa hiyo jina lake kwenye ubao liko chini kabisa. Sasa mimi ndiye ninayempangia kazi. Angekuwepo baba angecheka.

Sasa tunavaa asubuhi pia, kabla ya kupanda, na jioni narudi na bundi wangu nyumbani. Mkandarasi anasema inachangamsha damu.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi nimetoka jikoni na kikombe cha chai, nikakiweka mezani. Meza haikuwepo pale. Ilikuwa hatua moja mbele. Chai yote sakafuni. Mama akasema yule ndege ameila meza. Wifi yako hakusema kitu, unajua anavyonyamaza.

Usianze.

Kaka yako, Msimamizi


3 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hongera ya usimamizi. Naisema kwa moyo wangu wote, ingawa moyo wenyewe haujatulia. Hapa kuna joto, feni imekufa, na majalada yanapepewa kwa majalada.

Swali langu hukulijibu. Badala yake umenisimulia kikombe. Nimekisoma hicho kikombe mara nyingi kuliko barua yote.

Nimefanya jambo, na nakuambia mwenyewe ili usilisikie kwa mwingine. Nimemwandikia mkandarasi wenu. Nimeandika kwa adabu, kwa mpangilio wa kiofisi, kwa karatasi yangu mwenyewe: YAH: USALAMA WA MAFUNDI WANAOTUMIA MIWANI YA MICHEZO KABLA YA KUPANDA PAA. Nimeomba mambo mawili tu. Kwamba wasicheze kabla ya kupanda, na kwamba kila aliye juu afunge kamba ya usalama, hata kama ni msimamizi. Jina lako sikulitaja. Nimeandika “ndugu yangu.” Chini nimeweka sahihi yangu, kwa sababu barua isiyo na sahihi huwa haijibiwi.

Nilisimama mbele ya sanduku la posta muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza, “Dada, sanduku linauma?” Nikaitumbukiza.

Usinikasirikie. Au kasirika, lakini ukiwa chini.

Mdogo wako


29 Aprili

Barua yako imefika.

Mkandarasi aliisoma kwa sauti wakati wa chai, kila mtu ameshika kikombe chake. Aliisoma kwa sauti nyembamba, akiigiza sauti ya mwanamke. Alipofika kwenye “ndugu yangu” akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba hajui. Kuna watu wangapi hapa wenye dada karani wa maji?

Vijana wakaichukua kamba ya usalama wakanifunga kiunoni, wakanitembeza uwanja mzima kama mtoto anayejifunza kusimama. “Dada kasema afunge!” “Mshikeni, asianguke kwenye kokoto!” Mzee wa mabati alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Ulitaka nifanye nini?

Paka amekufa. Sasa naitwa Mtoto wa Dada. Nikimwambia mtu ainue bati ananijibu, “Umemuuliza dada?”

Wewe kazi yako iko kwenye karatasi. Ukikosea unafuta. Yangu iko mbele ya macho ya watu.

Mama hajambo. Wifi yako hajambo. Usiniandikie mpaka nikuandikie.


10 Mei

Kaka,

Shikamoo. Umesema nisiandike, naandika. Sina habari za hapa, siku zote zimefanana.

Samahani. Sikuwafikiria wao, nilikufikiria wewe. Nilidhani barua ikiandikwa vizuri itasomwa vizuri.

Sitaki unisamehe sasa. Nataka kitu kimoja, kamba. Wakicheka, waache wacheke. Wakiimba, waimbe. Unichukie mwaka mzima ukitaka, ila unichukie ukiwa umeifunga.

Mdogo wako


14 Juni

Kaka,

Wifi amenipigia simu leo, akiwa amejificha nyuma ya hospitali ili usimsikie. Amesema umeanguka kutoka paa la ghala tangu mwanzo wa mwezi. Amesema umemkataza mtu yeyote asiniambie. Mgongo wako umefungwa, miguu iko pale kitandani na ikiguswa hujui kama imeguswa.

Niliomba ruhusa nikapewa. Nilifika kituo cha mabasi na begi langu, nikakata tiketi, nikakaa kwenye kiti cha dirishani. Wifi akapiga tena. “Amejua unakuja,” akasema. “Amesema ukiingia mlangoni atageukia ukutani. Na wifi, hata kugeuka hawezi, tutamgeuza sisi.” Nikashuka. Nimerudi chumbani na begi sijalifungua.

Sikulaumu. Kaa ukijua sikulaumu, na nitangoja mpaka uniite. Nataka kujua kitu kimoja tu, kisha nitanyamaza. Ulikuwa umefunga kamba?

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua uliniamkia moyoni hata kama barua yako ilianza bila salamu. Mwandiko usikushtue, naandika nimelala, ubao wa kukatia mboga uko kifuani.

Nimerudishwa nyumbani. Mama ameleta godoro lake chumbani kwangu na anakoroma kuliko mashine ya kukata bati. Wifi yako ameomba zamu ya jioni ili asubuhi aniogeshe. Naogeshwa kama mtoto mchanga, na sabuni inaniingia machoni kama mtoto mchanga. Vijana wa kazini walikuja mara moja, wakakaa ukingoni mwa viti, hakuna aliyeniita jina lolote.

Nitakuambia jambo ambalo hata wifi yako sijamwambia. Watu wanasema niliteleza. Sikuteleza. Bati lilikuwa kavu, asubuhi nzuri, hakuna upepo. Tulikuwa tumecheza, tukapanda. Nilikuwa narudi kinyumenyume, nashika uzi wa kunyoshea mstari wa misumari, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilijua ukingo uko karibu. Zamani ningekuwa nimeshageuza shingo. Lakini nilikuwa nimetulia, mdogo wangu. Sijawahi kuwa na utulivu ule juu ya paa. Nikasema moyoni, bado, haujatokea. Nikarudi hatua. Bado, haujatokea.

Nilipokanyaga hewa sikuogopa. Nilisikia upepo masikioni, nikawa nangoja kurudi juu.

Uliwahi kuniuliza wavu utaletwa na nani. Swali lilikuwa zuri. Nililisoma nikacheka.

Mama anakusalimu. Anasema kula.

Kaka yako


8 Agosti

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nakula. Mwambie mama nakula.

Barua yako niliisoma ofisini, nyuma ya mlango, na watu waliendelea kunigonga kiwiko na sikusogea. Dereva alinikuta. Alinichukulia majalada yangu akayagonga muhuri yeye, yote kichwa chini, nikayarudia kesho yake.

Hapa hakuna anayecheza tena. Wamechoka. Miwani imefungiwa kwenye kabati la vifaa vya kuandikia, pamoja na wino uliokauka. Wakala alipita, siku hizi anauza viti vya kukanda mgongo. Nilimwambia kuna fundi ameanguka. Nilidhani nitapiga kelele, sauti ikatoka ndogo kama kawaida.

“Oh, pole sana,” akasema. “Alikuwa amefuata maelekezo?”

“Maelekezo gani?”

“Yako ndani ya boksi. Mtumiaji apumzike kabla ya shughuli nyingine.”

“Mbona mkandarasi hukumwambia?”

“Dada, mimi nauza. Kusoma ni kwa mnunuzi.”

Akaniomba nikalie kiti chake, nijaribu. Nilibaki nimesimama.

Kaka, umeniambia yote isipokuwa lile nililokuuliza. Sitauliza mara ya tatu.

Mdogo wako


27 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama goti limetulia, anasema limemwonea huruma kwa sababu sasa anasimama kutwa. Wifi yako ameacha kunyamaza, sasa anaimba akiwa jikoni. Nilipendelea anyamaze. Anaimba ili nisisikie anapolia.

Nilipopelekwa kliniki daktari alisema tusiisubiri miguu. Alimwambia wifi yako koridoni, akidhani mlango umefungwa. Wote wawili walirudi ndani wanatabasamu, na mimi nikatabasamu, tukawa watu watatu wenye furaha sana.

Kamba haikuwepo. Ilikuwa kwenye msumari wake ofisini kwa mkandarasi. Wengine waliendelea kufunga zao, mimi yangu sikuifunga tena baada ya Aprili. Ndiyo hivyo. Usijiulize zaidi ya hapo, nakuomba kama kaka yako.

Mkandarasi alikuja na mfuko wa machungwa. Akakaa, akasema ni mipango ya Mungu, na alipoondoka akamchukua bundi aliyekuwa hapa kwangu, kwa sababu ni mali ya kampuni. Ghala amempa mzee wa mabati amalizie.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, kama ulivyotaka mimi nikusikilize. Nalala nikitazama dari. Dari hii niliipiga mimi, najua kila msumari, najua hata ule niliouingiza vibaya nikaupaka rangi. Nimeshaimaliza dari. Umesema miwani yenu imefungiwa kabatini. Niletee.

Najua utakavyosema. Sema, kisha uniletee. Kule mchezo hauulizi kama miguu ipo, unasoma kichwa na mikono tu, na hivyo ninavyo. Kule nasimama. Sijali kama ni uongo. Ukweli nimeulalia, naujua.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Kaka yako


19 Oktoba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Wifi nimemtumia dawa ya kupaka mikono, maana nasikia imechanika kwa maji na sabuni. Mama asiitumie kwenye goti.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikujibu mara nyingi. Barua za kwanza zote zilikuwa za kukataa. Ziliandikwa vizuri sana, sababu moja baada ya nyingine, na kila nilipofika mwisho nilikuona umelala, ubao wa mboga kifuani, unanisoma. Nikazichana.

Kisha nikasema nitafute kitu kingine. Nilimwambia wifi akigeuze kitanda chako kitazame dirishani, uone watu. Akasema alishakigeuza, ukamwomba akirudishe, kwa sababu dirishani linaonekana paa la jirani. Nikafikiria redio. Akasema unaizima wakitangaza habari za hali ya hewa. Nikafikiria vitabu, nikakumbuka mwenye kupenda vitabu ni mimi. Nikafikiria nije mwenyewe niwe nakaa nawe, na ndipo nikakumbuka kwamba ni mimi ambaye ulisema nikiingia utageukia ukutani.

Umeniomba nisijiulize zaidi. Sijiulizi. Uliifunga kamba miaka yote mpaka siku walipokuzungusha nayo uwanjani, na walikuzungusha kwa sababu ya sahihi yangu. Hapo hakuna cha kujiuliza.

Nilimwendea mkuu wa masjala. Nilidhani atakataa, nilitamani akatae. Alisema, “Chukua, inajaza kabati tu,” hata hakuinua macho. Nimeipangusa vumbi, nimeifunga kwa kanga yangu, na kamba za kuishikilia kichwani nimezilegeza ili wifi asikuvute shingo akikuvisha. Dereva ana safari ya huko Alhamisi, atampa wifi mkononi.

Sijabadilisha mawazo yangu hata kidogo. Nakuandikia haya ili usije ukasema nilikubali. Naamini kitu hiki kilikuchukua mara moja kwa ghafla, na kwamba sasa kitakuchukua polepole, kila siku kidogo. Mama atakuwa anakuita jina lako mko chumba kimoja, na wewe hutaitika. Nayaona hayo kama ninavyoiona karatasi hii, na bado natuma.

Mama akiuliza nani amekiingiza tena ndani ya nyumba yake, usimfiche. Mwambie ni mimi. Mwambie nilitafuta kitu kingine cha kukupa, nikatafuta kila mahali ninapopajua, na sikukipata.

Mdogo wako